Aliniambia Niandike Sifuri

Mshauri mpendwa,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara tatu nikaifuta, leo naituma kama ilivyo hata kama imejaa makosa, kwa sababu nina siku tisa tu za kuamua jambo ambalo nimelikimbia kwa miezi minane, na mtu wa kumwambia sina, mama yangu mzazi neno halimkai kifuani, na hapa ninapoishi watu tunasalimiana kwenye ngazi basi, kila mtu na mlango wake. Naomba unisaidie, na ukitaka kunigombeza nigombeze, nimejiandaa.

Mimi ni mtaalamu wa maabara, nina miaka thelathini na mbili, mume wangu ni fundi cherehani, na tuna mtoto mmoja wa kike ambaye baba yake alimbandika jina la Kifungo siku ile ile aliyozaliwa, akisema ana uso wa mviringo kama kifungo cha koti, na wateja wakimuuliza habari za uzazi akawa anawajibu, "Mwenzenu nimepewa kifungo cha maisha, na wala sikati rufaa," kibanda kizima kinacheka, basi jina likaganda mpaka leo na mimi nikawa Mama Kifungo. Nakueleza haya ili umjue mume wangu. Ni mtu wa mzaha, ni mtu wa watu, ila ana kiburi chake, na kiburi chenyewe ni cha kazi ya mikono yake, hapendi hata kidogo kuonekana anamwelemea mtu.

Miaka miwili iliyopita nilipata nafasi ya kusoma shahada ya pili nchi ya mbali, tukafurahi wote, tukaenda pamoja kwa wakala anayewajazia watu fomu za viza, ofisi yake ina meza moja na feni inayopiga kelele na benchi la kungojea, mume wangu akasimama nyuma yangu amembeba mtoto, wakala anasoma mimi naandika, jina, tarehe ya kuzaliwa, chuo, tukafika mahali akasoma, "Wategemezi wako wangapi?" Nikawa naanza kuandika wawili. Mume wangu akauliza mtegemezi ndiyo nani, na wakala akamjibu bila hata kuinua macho, "Wewe hapo mzee, na huyo mtoto." Watu wa kwenye benchi wakacheka.

Mshauri, mtegemezi unamjua. Ni yule binamu anayekuja kwa wiki moja akakaa mwaka, ni mtoto, ni mgonjwa wa kitandani, sasa huyu ni mwanamume aliyenisomesha diploma kwa mguu wake juu ya pedali, ambaye nilipokuwa na mitihani alikuwa anapika yeye na kufua yeye na bado nguo za watu zinatoka siku aliyoahidi. Nilimwona uso unambadilika. Akasema polepole, "Mimi simtegemei mtu. Andika sifuri." Wakala akasema, "Baba, hilo ni neno la fomu tu, wakiandikwa mnaondoka pamoja, ukiweka sifuri sina hakika kama baadaye mnaweza kuongeza." Mume wangu akasema, "Andika sifuri, Mama Kifungo. Ukishafika utatuita kama watu, siyo kama mizigo." Nikaandika sifuri.

Wiki niliyoondoka alimshonea mtoto koti la baridi, kitambaa kizito chenye bitana, vifungo vinne vikubwa, na akaacha pindo pana kama kiganja huku chini na kwenye mikono, akaniambia tukichelewa miezi miwili mitatu mtoto asije akafika koti limempanda. Kila mwezi akawa anampima na kunitumia vipimo, kifua, bega, mkono, urefu, nami naviandika kwenye karatasi niliyoibandika nyuma ya mlango wa chumba changu, chumba kiko juu ya duka la kufulia nguo na mashine zikizunguka sakafu yote inatetemeka mpaka kijiko kinalia kwenye kikombe. Sikuwaita mara moja. Nilisema chumba ni kidogo, kisha nikasema mitihani, kisha nikasema acha baridi ipite, na mwezi ukawa miezi na miezi ikawa mwaka na zaidi, na siku nilipokwenda kuulizia kweli kweli namna ya kuwaleta nikakuta kanuni zimebadilika, wanafunzi hawaruhusiwi tena kuja na familia.

Pale chuoni kuna ofisi ya wanafunzi wa kigeni, na mama wa dirishani ni mpole, akaniambia nisikate tamaa, kuna msamaha, wale waliotaja familia zao kwenye fomu ya kwanza kabla ya kanuni kubadilika bado wanaweza kuwaleta. Akafungua faili langu kwenye kompyuta. Akasoma, akasogea karibu na kioo kama anayedhani amesoma vibaya, akaniuliza, "Lakini wewe uliandika huna mtu?"

Nikamwambia ndiyo, niliandika hivyo. Akanisaidia kukata rufaa, nikaeleza kila kitu kuhusu lile neno na wale watu wa kwenye benchi, na jibu lilikuja baada ya wiki mbili, nusu ukurasa, wamekataa na hakuna rufaa nyingine.

Jioni hiyo mume wangu akapiga simu, "Wamesemaje?" na mimi, Mungu anisamehe, nikamjibu, "Faili liko mezani, wanalishughulikia." Ningemwambiaje kwamba mlango umefungwa na maneno ya kinywa chake mwenyewe? Nikasema nitamwambia kesho. Sasa ni miezi minane faili liko mezani, na mwenzangu anaishi kama mtu aliye kituoni, begi lake liko chini ya meza ya kukatia vitambaa, shule moja ilimpa sare za wanafunzi wote ashone akakataa, akasema, "Sisi tuko safarini, siwezi kuacha kazi ya watu njiani," anakaa anapunguza suruali na kubadilisha zipu. Hata darasa la kwanza Kifungo hajaandikishwa, wenzake wameanza, yeye anashinda nyumbani na wifi yangu kwa sababu baba yake anasema atasoma huku huku, asije akaanza shule mbili. Na mimi nasikia, na nanyamaza.

Sasa masomo nimemaliza. Zamani mtu akimaliza alikuwa anapewa miaka miwili ya kufanya kazi, wameipunguza ikawa mwaka mmoja na nusu, na maombi lazima yaingie kabla ya Ijumaa ya mwisho ya mwezi huu, na ukitoka nje ya nchi kabla ya kujibiwa maombi yanakufa. Maabara ya hospitali niliyofanyia mazoezi inanitaka, mkuu wake ameniambia hivyo kwa mdomo wake. Ila ni mimi peke yangu, familia hairuhusiwi. Mama yangu anasema nisithubutu kurudi mikono mitupu, watu watasema nini. Mwenzangu wa darasani, naye mgeni kama mimi, ananiambia ukitoka umetoka.

Wiki iliyopita mume wangu alipiga simu ya video mchana, jua kali, nikamwona Kifungo amesimama juu ya kigoda amevaa lile koti, jasho linamtiririka, na mikono ya koti imeishia juu kabisa ya vifundo vyake. Mume wangu anacheka, lakini kile kicheko nakijua, anasema, "Mama Kifungo, pindo limekwisha. Nimefumua la mwisho leo. Hebu waambie hao watu wa mezani wafanye haraka." Mtoto akageuza shingo akaita, "Mama! Nivue, joto!" na mimi nikaitika, "Abee," kwa sauti kubwa, kabla sijaelewa kwamba siitwi mimi. Alikuwa anamwita wifi yangu. Wifi akaingia kwenye picha macho chini, akamvua koti, mume wangu akasema mtandao unasumbua, akakata.

Na kuna jambo moja sijamwambia mtu yeyote. Siku ile kwa wakala, aliposema hana hakika kama tunaweza kuongeza baadaye, mimi nilisikia vizuri sana. Ningeweza kusema tutoke nje tuzungumze. Lakini nilikuwa nimechoka, Mshauri, miaka minne ya mtoto na zamu za maabara na masomo ya usiku, na mume wangu aliposema andika sifuri nilihisi wepesi mwilini, nikawaza, hata mwaka mmoja tu, nilale bila kuamshwa, nisome kitabu mpaka mwisho, niwe mimi. Niliiandika ile sifuri haraka haraka, kabla hajabadili neno.

Sasa nifanye nini? Niombe kibali nibaki, au nirudi? Na hii habari ya sifuri nimwambie, au nimwache aamini ni serikali ya watu ndiyo iliyofunga, maana hata hiyo si uongo mtupu?

Mama Kifungo,
Juu ya duka la kufulia

*

Mama Kifungo,

Marahaba. Umesema umejiandaa kugombezwa, na mimi kugombeza sikawii, lakini kwanza upokee pole yangu. Ile "Abee" yako niliisoma nikavua miwani nikaiweka mezani. Nina watoto, na sijui ningefanya nini na sauti yangu baada ya hapo.

Tena nikuondolee mzigo ambao si wako. Kanuni hukuitunga wewe, wala hakuitunga mumeo. Aliyekaa ofisini akaamua kwamba mtu akienda kusoma amwache mume na mtoto mlangoni kama mwavuli, hilo ni lake, na atalijibu. Wala neno hilo "mtegemezi" halikutoka kwenu. Wametafuta neno la kumwita baba wa watu, wakachukua la binamu asiyeondoka. Mumeo aliona aibu mbele ya benchi zima, na mwanamume aliyekusomesha kwa mguu wake alikuwa na haki ya kuona aibu. Alikosea, ila namwelewa.

Sasa wewe. Barua nzima ndefu unanionyesha kiburi cha mumeo, alisema hivi, alisema vile, halafu kalamu unaitoa mwishoni kabisa, kama mtu anayetoa kitu alichokificha kwenye soksi. Kumbe onyo ulilisikia. Kumbe uliandika haraka. Kumbe hata ulipofika, kabla ya kanuni yoyote kubadilika, uliwapiga chenga zaidi ya mwaka mzima, mara chumba, mara mitihani, mara baridi. Baridi, Mama Kifungo! Na mtoto ameshonewa koti!

Sikuhukumu kwa kutamani kulala. Nusu ya wanawake wanaosoma safu hii wameutamani huo mwaka, na nusu nyingine wanakataa kwa sababu waume zao wanasoma pamoja nao. Mtu aliyechoka hutamani kupumzika, hilo halina kesi. Ninachokugombezea ni hilo faili lako la mezani. Wahenga walisema njia ya mwongo ni fupi. Ya kwako imekuwa ndefu kwa sababu moja tu, unayemdanganya anakuamini. Unasema unamkinga asijue kwamba neno lake ndilo lililofunga mlango. Unajikinga wewe, mama. Siku akijua habari ya rufaa, atataka kujua na habari ya kalamu, na hicho ndicho unachokiogopa.

Na huku wewe unaogopa, mwenzako amekataa kazi ya shule nzima, fundi mzima amebaki na zipu. Mtoto wa miaka sita hayuko darasani. Hapo kwa mtoto ndipo nilipokasirika hasa, nikasimama nikaenda kunywa maji. Kanuni ilifunga mlango mmoja. Huu wa darasa la kwanza umeufunga wewe kwa kunyamaza, na ufunguo unao mkononi.

Umeuliza umwambie au usimwambie. Mwambie, tena kesho. Usimwandikie ujumbe, mpigie. Chagua saa ya mchana kibanda kikiwa kimetulia, mtoto asiwepo, na umwambie akae chini. Anza na la kwako: kwamba onyo la wakala ulilisikia, na sifuri uliiandika upesi kwa sababu ulikuwa umechoka na ulitaka mwaka wako. Kisha mwambie ulivyomzungusha mpaka kanuni zikawakuta. Kisha useme la rufaa, kwamba jibu lilitoka zamani na kwamba mezani hakuna faili.

La kwake usiliseme. Usimkumbushe kwamba yeye ndiye aliyesema. Ana masikio na ana kumbukumbu, atalifikia mwenyewe, pengine siku hiyo hiyo, pengine baada ya wiki, na litamuuma kuliko utakavyoweza kumuuma wewe. Akilifikia, umwambie, "Ile sifuri tuliiandika wote wawili." Hayo maneno yatunze mpaka hapo, yatakuwa na kazi.

Atakasirika. Pokea. Akikata simu usipige mara kumi kama mdai. Usilie ili akuonee huruma, na ukishindwa kujizuia basi lia, lakini usiache kusema mpaka umemaliza. Na asubuhi inayofuata mpigie tena, hata kama hatapokea.

Sasa la kubaki au kurudi. Ungeniandikia kwamba mumeo anajua yote, mtoto yuko shule, na wote wawili mmekubaliana kuvumilia huo mwaka na nusu kisha basi, ningekuambia jaza maombi leo, wapo walioishi hivyo na wakazeeka pamoja. Lakini safari hii unataka kujaza fomu ya watu watatu ukiwa peke yako. Siku tisa zinatosha. Kesho ukweli, halafu siku mbili tatu za hasira, halafu mzungumze kama watu wazima, na kabla ya Ijumaa mtakuwa na jibu lenu. Akikuambia baki, na akawa anajua anachosema, baki bila kujitesa.

Ukinibana niseme la kwangu, nitasema rudi. Maabara zipo kila penye wagonjwa, na elimu yako hakuna afisa wa kuifutia viza. Mtoto ana miaka sita sasa hivi, na huwezi kuikatia rufaa baadaye. Mama yako anaogopa mikono mitupu, msalimie sana, umwambie mtoto hubebwa na mikono mitupu.

Ila usirudi na ndoto. Kifungo hatakukimbilia. Atasimama nyuma ya wifi yako ashike nguo yake, na ataendelea kumwita mama mbele yako, pengine kwa muda mrefu. Usimsahihishe. Usimnyang'anye mtoto mikononi mwa mtu aliyemvua koti ulipokuwa mbali, na huyo wifi umpigie magoti ya shukrani kabla hujafungua sanduku. Akiita "mama" na anamwita yeye, nyamaza, hata likikuchoma. Ipo siku ataita na wifi hatakuwepo chumbani. Siku hiyo ndiyo utaitika.

Bado lile koti. Nawajua mafundi, mumeo sasa hivi anatafuta kitambaa kinachofanana aunganishe mikono. Mwambie asiunganishe. Amtafute mtoto mdogo wa mtu anayesafiri kweli, ampe, livaliwe. Begi alitoe chini ya meza, apate pa kuweka miguu. Wale wa shule awaendee mwenyewe, aombe kazi yake kama bado ipo, na hata kama wamempa fundi mwingine, sare moja ataishona tu, ya Kifungo, na iwe ndiyo ya kwanza. Ampandishe Kifungo juu ya kigoda ampime upya, bega, kifua, urefu mpaka magotini, na vipimo akutumie uvibandike nyuma ya mlango juu ya vile vya zamani.

Na umwambie, mama, kwa sauti yako mwenyewe, asiache pindo pana. Aache pindo dogo la kawaida, la mtoto ambaye yuko kwao.